MAMBO YA NYUMBANI: Baba Akipungukiwa

Mwezi huu twageuza uso kwa akina baba, maana waalimu wa mitaa ya nje ya Dar es Salaam wametuuliza neno ambalo si jepesi. Wasema, "Jumapili twawaona akina mama na watoto wamejaa kanisani, na siku ya jumuiya twawaona tena. Lakini akina baba wako wapi?"

Mtu akijibu upesi atasema kwamba wanaume wamepoa katika imani. Hatukatai kwamba wako waliopoa. Lakini tumekaa na watu wa Mbagala na Tandika, wa Manzese na Tandale, tukawasikiliza, na tumeona sababu nyingine iliyo karibu zaidi na nyumba. Baba wengi hawaji kwa sababu wana haya. Hana sadaka ya kutoa, hana mchango wa harusi wala wa maziko, na kiatu chake kimekwisha kisigino. Aona ni heri kuhesabiwa kuwa mkaidi kuliko kuhesabiwa kuwa mhitaji. Kwa hiyo leo twasema habari za baba aliyepungukiwa, na habari za vyama vya kusaidiana ambavyo vyaweza kumwinua, kama akikubali kuinuliwa.

Tuchukue mfano. Habari hii tumeiunga kwa mambo tuliyoyaona katika nyumba nyingi, ili pasiwe na mtu wa kunyoshewa kidole. Palikuwa na mtu wa Temeke aliyefanya kazi miaka 19 katika kiwanda, akiangalia mashine. Alikuwa na mke na watoto wanne, na nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga mwenyewe, tofali moja moja. Siku moja wafanya kazi wote waliitwa uwanjani, wakaambiwa kwamba kiwanda kinafungwa. Akapewa karatasi, akapewa na fedha si nyingi, akarudi nyumbani. Mkewe alipomwuliza mbona amerudi mapema, alijibu, "Tumepewa likizo, mama watoto."

Neno hilo la likizo likawa mlango wa taabu zote. Likizo ilipopita, hakuweza tena kusema kweli bila kujionyesha kuwa alisema uongo. Basi kila siku alfajiri alivaa shati lililopigwa pasi, akaaga, akatembea mpaka kijiwe kilicho mbali, chini ya mwembe, mahali asipojulikana. Akaketi pamoja na wengine waliokuja kwa sababu ile ile. Jioni alirudi akasema amechoka. Na katika hilo hakusema uongo, maana kukaa bila kazi huchosha kuliko kazi yenyewe. Fedha ya kiwanda ilipokwisha, aliuza redio akasema iko kwa fundi. Kisha akaenda kwa wale wakopeshaji ambao watu wa mjini wameita mikopo yao kausha damu, akakopa, akaandika kitanda, meza na cherehani kuwa rehani.

Na mke je? Mke alijua tangu juma la kwanza. Shati alilolifua halikuwa tena na harufu ya mafuta ya mashine. Lakini alinyamaza, akisema moyoni, "Nikimwuliza nitamvunjia heshima." Watoto walipokosa chakula, naye alikwenda kwa wakopeshaji wengine, akakopa, akaandika kitanda kile kile, meza ile ile na cherehani ile ile. Siku moja watoza deni wa mume wakaja asubuhi wakachukua vitu. Mchana wakaja watoza deni wa mke wakavitafuta vitu vilivyoandikwa katika karatasi yao, wasivione. Wakafanya ghasia mlangoni hata majirani wakakusanyika. Hapo ndipo mume na mke walipojuana.

Ewe msomaji, ni nini iliyoiangusha nyumba hii? Kufungwa kwa kiwanda kulipunguza unga katika chungu. Lakini kitanda kiliondolewa na kimya. Watu wawili waliopendana walificha jambo moja, kila mtu akimhurumia mwenziwe, na huruma yao ikawaponza. Wazee walisema, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Umaskini nao ni kama maradhi: ukitajwa mapema hupata dawa, ukifichwa hutangazwa na watoza deni.

Taabu hii si ya mtu mmoja, wala haikuanza jana. Ni vema baba ajue hivyo, asije akadhani kwamba yeye peke yake ndiye aliyeshindwa katika mji wa watu walioshinda. Mwanachuoni mmoja, Aili Mari Tripp, aliyechunguza maisha ya watu wa Dar es Salaam na kutoa kitabu mwaka 1997, ameandika kwamba kati ya mwaka 1974 na 1988 thamani ya mshahara, yaani kile ambacho mshahara waweza kununua sokoni, ilishuka kwa asilimia 83. Tufanye hesabu ya nyumbani: mtu aliyeweza kununua vibaba kumi vya mchele kwa mshahara wake, mwisho hakuweza kununua hata vibaba viwili kamili. Na kazi yake ilikuwa ile ile, wala hakuwa mvivu kuliko kwanza. Katika miaka hiyo akina mama ndio waliokaanga maandazi, wakauza vitumbua, wakafuga kuku, hata baba mwenye kazi ya ofisini akawa analishwa na kikaango cha mkewe. Mwaka 1983 Serikali ilijaribu dawa kali: kwa amri ya Nguvu Kazi, watu walioonekana hawana kazi mjini walikamatwa wakapelekwa shambani. Njaa ya mji haikuisha kwa njia hiyo.

Baadaye, tangu miaka ya 1990, mashirika mengi ya umma yaliuzwa au kufungwa, na maelfu ya wanaume wakapunguzwa kazini. Wazee wa Ubungo wanakumbuka kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa Uchina. Wengi walikuja mjini kwa ajili yake, wakaoa, wakajenga, kisha wakaona kazi ikipungua. Na mabadiliko hayakukoma. Mwezi wa Mei mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kupita katika barabara ya Morogoro, na daladala zilizokuwa zikilisha madereva na makondakta katika njia hiyo zikaondolewa. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021 wachuuzi wa barabarani, yaani wamachinga, waliamriwa kuondoka kandokando ya barabara za mji na kwenda mahali palipotengwa. Wako waliokuwa wamelipa shilingi 20,000 kwa kitambulisho cha mfanya biashara mdogo tangu mwaka 2018, wakidhani sasa wametulia. Nao wakaanza tena.

Hatusemi haya ili kushitaki mtu. Mji ukikua hubadilika, na mji huu umekua sana: hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na katika hao 1,346,674 walikuwa wa Temeke peke yake, na 982,328 wa Kinondoni. Twasema ili baba ajue kwamba kazi ya mshahara ni kama nyumba ya kupanga. Waweza kukaa humo miaka mingi, lakini siku yoyote mwenye nyumba aweza kuitaka. Kilicho chako ni ujuzi wa mikono, na watu waliokuzunguka. Tena wahenga wetu walisema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Mhunzi ambaye koleo lake limevunjika hutengeneza jingine. Lakini mhunzi akificha koleo lililovunjika, akakaa barabarani kama mtu aliye njiani kwenda kazini, uhunzi wake umekwisha kweli.

Katika Kitabu cha Matendo ya Mitume tunasoma habari za Akila na mkewe Prisila. Hao walikuwa wakikaa Rumi, na kwa amri ya Kaisari Klaudio Wayahudi wote wakatakiwa kutoka katika mji ule. Kwa neno moja la mfalme wakapoteza nyumba, wateja na majirani. Wakafika Korintho wakiwa wageni, nao walikuwa na kitu gani? Walikuwa na ufundi wao wa kushona mahema, tena walikuwa pamoja katika kazi. Mtume Paulo alipokuja aliwakuta, akakaa nao, akafanya kazi nao. Angalieni jambo hili, enyi akina baba: Maandiko hayaoni haya kumtaja mke na mume katika kazi moja. Basi wewe ambaye mkeo anapika vitumbua, kwani ukimchukulia unga kutoka sokoni, ukawasha moto, ukapeleka vitumbua dukani, uume wako utapungua? Tumewaona wanaume waliokaa kijiweni tangu asubuhi wakingojea kuitwa kazi ya mtu mwingine, na nyumbani kazi yao wenyewe inamshinda mama kwa wingi.

Sasa tuje katika habari za vyama. Mji huu una desturi ya zamani ya watu kushikana mikono wakati wa dhiki. Katika miaka ya 1930, biashara ilipoanguka dunia nzima na kazi zikapungua hapa, Erica Fiah, Mganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam, alianzisha mwaka 1934 chama cha Waafrika cha biashara na kusaidiana; na mwaka 1937 akatoa gazeti lake, jina lake Kwetu. Watu waliotoka bara nao walikuwa na vyama vyao vya kuzikana na kumsaidia mgonjwa. Akina mama wana upatu, ambao kila mmoja atoa fedha sawa, na jumla yake hupewa mmoja mmoja kwa zamu.

Katika miaka hii yetu kimeenea chama kiitwacho kikoba. Asili yake ni kazi ya shirika la CARE pamoja na wanawake wa Niger, katika Afrika ya magharibi, mwaka 1991; kisha mfano wake ukaletwa kwetu, na leo vikoba vimeenea katika mitaa ya Temeke na ya Kinondoni. Kwa ajili ya wale wasiojua, tutaeleza. Watu kama 25 au 30 wanaojuana hukutana kila juma siku moja. Kila mtu hununua hisa, na bei ya hisa wamekwisha kuipatana wenyewe. Fedha huwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu mbalimbali, hata mmoja asiweze kulifungua peke yake. Fedha nyingine kidogo huwekwa katika mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Anayechelewa hutozwa faini. Baada ya majuma ya kutosha, mwanachama huweza kukopa, na desturi ni kwamba haruhusiwi kuzidi mara tatu ya hisa zake. Faida ya mikopo hurudi kwao wenyewe, na mwisho wa mwaka hugawana. Hapo husema wanavunja kikoba.

Lakini ufunguo wa yote haupo katika sanduku. Wanachama hugawanywa katika vikundi vya watu watano watano. Mmoja akitaka kukopa, wanne wenzake humdhamini. Asipolipa, hao wanne hulipa. Kwa sababu hiyo wanne hao hawawezi kuwa wageni kwake. Yawapasa kujua anakaa wapi, ana madeni gani, na fedha ataifanyia nini. Tulipofikiri habari hii tulikumbuka yule mtu mwenye kupooza katika Injili ya Marko, aliyeletwa kwa Bwana Yesu akichukuliwa na watu wanne. Walipoona mlango umejaa watu, walipanda juu, wakatoboa dari, wakamteremsha na godoro lake. Mmoja amelala, wanne wamebeba: jumla watano. Mara nyingi tumehubiri juu ya imani ya wale wanne, na ni haki. Leo twataka kumtazama yule wa tano. Yeye naye alifanya neno gumu: alikubali kuchukuliwa mchana, mbele ya mji wote, na kuteremshwa kwa kamba katikati ya watu, hali kila mtu anaona kwamba hawezi kusimama. Kama angaliona haya, angalibaki nyumbani na ugonjwa wake.

Hapa ndipo wanaume wetu wanaposhindwa. Ukienda katika vikoba vingi utaona wanawake ni wengi, wanaume wachache. Ukimwuliza baba, atasema, "Hayo ni mambo ya akina mama." Ukimwuliza mara ya pili, mkiwa wawili tu, atasema neno la kweli zaidi: "Nitawezaje kusema mbele ya watu kwamba sina?" Mwanamke amezoea kuazima chumvi kwa jirani, mwanamume amefundishwa tangu utoto kwamba asiazime. Fundisho hilo lilikuwa jema zamani alipokuwa na shamba na ghala. Mjini, katika chumba cha kupanga, linamwacha peke yake.

Tena kuna jambo moja la sheria ambalo baba anapaswa kulijua. Tangu mwaka 2018 sheria inaziamuru halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: sehemu 4 kwa wanawake, sehemu 4 kwa vijana, na sehemu 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Hatunung'uniki juu ya hao waliotajwa, maana walisahauliwa siku nyingi. Lakini mtu wa miaka 50, mwenye afya, aliyeondolewa kazini, hana fungu lenye jina lake. Kwake yeye ndugu zake wanne ndio benki.

Turudi kwa yule mtu wa mfano wetu. Jioni ile ya ghasia mzee wa kanisa alikuja. Hakuhubiri. Aliketi juu ya ndoo, maana viti vilikuwa vimechukuliwa, akasema, "Baba, unawajua wengine walio kama wewe?" Akajibu, "Nawajua. Twakaa pamoja chini ya mwembe kila siku." Yule mzee akamwambia, "Basi walete wanne."

Wakaja wanne: mmoja dereva wa daladala asiye na njia, mmoja mchuuzi wa mitumba aliyehamishwa, mmoja mwashi aliyeumia mgongo, na mmoja mlinzi ambaye hakulipwa miezi mitatu. Kikoba cha akina mama wa mtaa ule kilikuwa na wanachama 20, nacho kikakubali kuwapokea wawe kikundi cha tano. Lakini akina mama waliweka sharti moja: kila mmoja aseme deni lake lote mbele ya wanachama wote, tena mkewe awepo. Wanaume waliomba waandike tu katika karatasi. Akina mama wakakataa. Mmoja wao, mtu mzima, akasema, "Baba zangu, sisi tulipoingia humu tulisema yetu. Hakufa mtu."

Basi wakasema. Yule wa kiwanda alisema mwisho, na sauti yake haikusikika vizuri, akaambiwa arudie. Akarudia. Baadaye alikiri kwamba usiku ule alilala usingizi mzito, usingizi ambao hakuupata tangu siku ya kufungwa kwa kiwanda.

Wakapatana kila mtu anunue hisa ya shilingi 2,000 kila juma. Baada ya majuma 12 alikuwa na 24,000, akaweza kukopa 72,000. Fedha hiyo si nyingi. Alinunua spana, bisibisi, mafuta na vipuri vichache, akaanza kutengeneza cherehani zilizoharibika, maana mtu aliyeangalia mashine miaka 19 hasumbuliwi na cherehani. Alipita nyumba kwa nyumba, kwanza kwa akina mama wa kikoba wenyewe. Daftari la hesabu lashikwa na mkewe, kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri kuliko wa mumewe. Twataka kusema kweli yote: hajapata tena mapato kama ya kiwandani, na kitanda hakikurudi; wamelala chini muda mrefu. Yule mlinzi alirudi katika ulevi, akaacha kulipa, na wale wanne wakamlipia deni lake kwa uchungu mwingi. Ndivyo vyama vilivyo. Hata hivyo hawakumfukuza. Walikwenda kwake wakiwa wanne.

Sasa yafaa tutoe shauri kwa kifupi.

Kwa baba. Siku ile ile uliyopoteza kazi, mwambie mkeo kabla hujavua viatu. Neno hilo halitakuwa jepesi kesho. Kisha enda ukaulize haki zako: kama ulikuwa ukichangia katika mfuko wa hifadhi ya jamii, sheria ya mwaka 2018 imeweka fao la kukosa ajira, na ofisini watakueleza kama unastahili. Kama una ufundi ulioujifunzia mtaani bila cheti, VETA, kwa mfano katika chuo chake cha Chang'ombe, huupima ujuzi wa namna hiyo na kuutolea cheti. Jiepushe na kausha damu. Jiepushe na mikopo ya simu ya watu wasiojulikana: mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na wengi walioziamini waliona majina yao yakisambazwa kwa jamaa na marafiki ili waaibike. Tena usitafute mtaji katika kubeti. Yule anayekwambia juu ya ushindi wake hakwambii alichopoteza.

Kwa mama. Ukiona harufu ya shati imebadilika, usingoje. Wala usiulize mbele ya watoto, wala kwa ukali. Mwambie tu, "Baba watoto, nimejua; tukae tufanye shauri." Heshima ya mume hailindwi kwa kunyamaza wakati nyumba inateketea. Na siku utakapoleta wewe fedha ya chakula, usiihesabu mezani kwa sauti. Tena kabla ya mmoja wenu kukopa popote, karatasi isomwe na wote wawili.

Kwa waalimu na wazee. Msingoje baba aje kanisani ndipo mmwulize. Nendeni kijiweni. Bwana wetu katika mfano wa shamba la mizabibu alisema habari za watu waliosimama sokoni hata saa ya kumi na moja, na walipoulizwa mbona wamesimama bila kazi, walijibu kwamba hakuna mtu aliyewaajiri. Mwenye shamba hakuwaita wavivu. Nanyi mkiwafikia watu walio chini ya mwembe msianze na lawama. Tena angalieni desturi zetu wenyewe: kusoma kwa sauti majina ya waliotoa na kiasi walichotoa kumewafukuza maskini wengi kimya kimya. Na kama mtaa wenu una kikoba cha akina mama peke yao, waombeni wafungue mlango kwa watano. Vyama hivi navyo vyapaswa kuandikishwa kwa sheria ya mwaka 2018, basi msaidieni katibu kupeleka karatasi zake halmashauri, ili fedha ya maskini isipotee kwa kukosa mhuri.

Mwisho twaomba jambo moja la kufanya nyumbani mwezi huu. Usiku mmoja, watoto wakiisha kulala, baba na mama waketi na karatasi moja na kalamu moja. Waandike kila deni: la duka, la ada, la simu, la rafiki, hata lile ambalo mwenzio hajui. Wasilaumiane mpaka mstari wa mwisho umeandikwa. Kisha baba afikiri majina ya watu wanne ambao angeweza kuwaonyesha karatasi ile. Kama wapo, awashukie Mungu kwa shukrani. Kama hawapo, hiyo ndiyo hasara iliyo kubwa kuliko fedha, na aanze kuwatafuta asubuhi.

Mungu akipenda, mwezi ujao tutaongea habari za wosia, na kwa nini yafaa mtu auandike angali mzima. Kaeni katika amani, ninyi na nyumba zenu.